Kumbe dawa zenyewe ndizo zilizokuwa zinaniumiza kichwa

Nina MS, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Basi kila kichwa kilipogonga upande mmoja na mwanga ukawa adui, nilijua MS imerudi. Nikawa nameza dawa za maumivu kama karanga. Duka la dawa pale Mbagala walishanizoea.

Daktari akaniuliza: "Dada, kwa mwezi unameza siku ngapi?" Nikaona haya. Akasema hicho ni kipandauso, kinawapata wengi wenye MS, na dawa hizo zikifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita, zenyewe huzaa maumivu.

Nikaziacha kwa usimamizi wake. Wiki mbili za mwanzo, wee! Nililala chumba cha giza, simtaki mtu. Akanianzishia propranololi, dawa ya kila siku ya kuzuia kipandauso kisianze, baada ya kuhakikisha sina pumu. Nami nikaandika daftari: usingizi, chakula, jua. Kumbe mara nyingi kilianza siku niliyosubiri daladala juani saa nane mchana bila kunywa maji. Siku hizi natoka alfajiri na chupa yangu. Kutoka mara 12 kwa mwezi, zimebaki 2.