Diklo kila siku, na mgongo uko palepale

Simama dirishani kwenye duka la dawa Mbagala, Tandika au Manzese, uombe "dawa ya maumivu". Mara nyingi utapewa kibahasha chenye vidonge vya aina mbili tatu, na hutaulizwa swali la maana kuliko yote: yameanza lini? Jino la jana na mgongo uliopita miezi mitatu havitibiwi sawa. Mtaani tumegeuza mambo. Maumivu mapya tunayapa dawa kidogo na kwa kuchelewa, yale sugu tunayamwagia vidonge mwaka mzima.

Tuanze na mapya. Ukishang'oa jino au kushonwa, usingoje yakolee ndipo umeze. Siku mbili tatu za mwanzo dawa inafuata saa. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Anayemeza kimoja asubuhi na kimoja usiku, halafu akalalamika kuwa haimsaidii, hajafika hata kwenye dozi. Isipotosha, ongeza ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane, umeshakula. Hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zinasaidiana. Ibuprofeni na diklofenaki, yaani diklo, ni za kundi moja. Ukizichanganya hupati nafuu zaidi, unajiongezea hatari ya vidonda vya tumbo na figo. Na soma maandishi ya pakiti. Dawa nyingi za mafua na vidonge vya mchanganyiko tayari vina parasetamoli, na ini linahesabu jumla.

Watu wetu wanaipenda sana sindano. Ukweli ni kwamba kwa mtu anayeweza kumeza bila kutapika, diklo ya takoni haina faida kubwa. Tumbo halisalimiki eti kwa sababu dawa imepita takoni, kwani madhara yake husafiri kwa damu. Ikichomwa pabaya inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, mtu akabaki anaburuta unyayo.

Wenye presha waangalie hapa: losartani au lisinoprili, pamoja na dawa ya kukojoza, ukiongeza diklo juu yake, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa ukiwa umepungukiwa maji kwa joto la Januari. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiguse kundi hili la ibuprofeni na diklo bila daktari. Halafu kuna dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Homa kali yenye maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo inywewe parasetamoli tu mpaka vipimo vitoke, maana ibuprofeni, diklo na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Kifundo kilichoteguka kinataka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili. Kukichua kwa nguvu na kukikanda kwa maji ya moto siku ileile kunaongeza uvimbe. Mgonjwa wa selimundu ni kinyume chake: asiwekewe barafu, kwa sababu baridi yenyewe huamsha maumivu yake. Yeye ni joto, maji mengi, na hospitali mapema dawa za nyumbani zikishindwa.

Sasa huo mgongo wa miezi. Kwanza hakikisha hauna dalili za hatari. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukikosa nguvu, nenda dharura siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hakuna diklo inayokigusa.

Kama hayo hayapo, sikiliza aina ya maumivu. Yanayowaka na kuchomachoma, kama baada ya mkanda wa jeshi au kwenye nyayo za mwenye kisukari, ni ya mishipa ya fahamu. Hapo daktari huanza na amitriptilini miligramu 10 au 25 usiku. Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa kuwa wameona usingizi na mdomo mkavu tu. Nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne. Dereva wa bodaboda aimeze mapema jioni, na asubuhi akiwa bado mzito asiwashe pikipiki. Asichanganye na tramadoli bila daktari kujua, maana zikikutana zinaweza kuleta degedege.

Mgongo wa kawaida unatibiwa kwa mwendo. Kinachouharibu ni siku ya nafuu: mtu anafua nguo zote, anabeba ndoo, kisha analala siku mbili. Pima unachokiweza siku mbaya, tuseme dakika 10 za kutembea. Tembea hizo kila siku, nzuri na mbaya, alfajiri jua halijachoma, na kila wiki ongeza dakika moja au mbili. Ongeza na zoezi la kulala chali, magoti juu, ukinyanyua makalio kwa sekunde tano, mara 10, asubuhi na jioni.

Uogope kibahasha chenye deksamethasoni, dawa kali ya kushusha uvimbe. Maumivu yanayeyuka kwa siku mbili, ndiyo maana watu hurudi kuinunua. Baadaye uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalegea. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate ghafla, aende hospitali ipunguzwe kidogo kidogo.

Saratani ina sheria yake. Ni maumivu ya muda mrefu, lakini dawa inafuata saa. Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ambayo hunywewa kila baada ya saa nne. Ndugu wengi huibana kwa kuogopa uraibu, mgonjwa akalia usiku kucha. Uliza chupa ina miligramu ngapi kwa kila mililita, kwa sababu chupa hazifanani. Omba dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na rudi kuchukua nyingine chupa ikiwa bado na dozi za siku mbili tatu.