Ploti ya jirani ikiombewa biashara, una siku 14

Ganjoni, Tudor, Majengo, mitaa ya kisiwa cha Mombasa: nyumba ya kuishi ukuta kwa ukuta na duka, kliniki au ghala. Mchanganyiko huo wenyewe hauna ubaya. Ubaya huja pale kibao cha "mabadiliko ya matumizi ya ardhi" kinapotundikwa ukutani na majirani wakakipita bila kukisoma.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mpango wa eneo zima, ambao kaunti huutayarisha na Bunge la Kaunti huupitisha. Ya pili ni ombi la ploti moja, ambalo mwenye ardhi hulipeleka mwenyewe chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mitaa mingi hugeuka kwa njia hii ya pili, ploti moja moja, kwa sababu kila anayekuja nyuma husema: mbona jirani alipewa? Ndiyo maana ombi la kwanza mtaani ndilo la kusimamiwa kwa nguvu zote.

Mwombaji huajiri mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa aandike ripoti, kisha huambatisha hati, matokeo ya upekuzi wa ardhi, risiti za rates (kodi ya ardhi inayolipwa kaunti) na ramani, na kutangaza gazetini na kwenye ploti yenyewe. Tangazo huwapa wenye pingamizi siku 14. Mara nyingi linataja nambari ya kiwanja bila kutaja mtaa, basi jueni nambari zenu na za jirani. Za kisiwani huwa na bloku ya tarakimu za Kirumi, za upande wa Nyali zina herufi MN.

Wanaosahaulika zaidi ni wenye nyumba bila ardhi. Nyumba ya Kiswahili ni yako, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Ombi la mwenye kiwanja laweza kupita bila jina lako kuonekana popote. Andika pingamizi kwa jina lako na uambatishe risiti za kodi hiyo.

Barua inayosema "tutasumbuliwa" haina pa kushikika. Taja nambari ya ploti, umbali wa dirisha lako hadi mpaka, na vipimo. Kwa kelele, kanuni za 2009 zinaruhusu desibeli 55 mchana katika eneo la makazi yaliyochanganyika na biashara, na 60 katika eneo la biashara. Usiku kiwango ni 35 kote kuwili, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2:01 hadi saa 12:00 alfajiri. Kwa hiyo mtu akikwambia mtaa sasa ni wa biashara na muziki wa usiku ni ruhusa, si kweli.

Hoja nzito kuliko zote ni maji machafu, na hapo ndipo ripoti nyingi huwa nyepesi. Nyumba ya vyumba sita ikiwa ghorofa yenye maduka chini, watu huongezeka mara nyingi na tangi la septiki linabaki lile lile. Mwamba wa Mombasa ni matumbawe yenye nyufa. Maji ya shimo hupenya upesi hadi kisimani kwa jirani. Uliza kwa maandishi: watu wangapi, lita ngapi kwa siku, tangi la ukubwa gani, lori la kunyonya litasimama wapi.

Kama huna haja ya kuzuia kabisa, omba masharti yaandikwe ndani ya kibali: saa za kufunga, saa za kushusha mizigo, jenereta iwekwe upande usio na vyumba vya kulala. Ahadi ya mdomo haimfungi atakayenunua ploti kesho.

Peleka kaunti nakala mbili za pingamizi, moja igongwe muhuri urudi nayo. Halafu fuatilia, kwani siku 60 zikipita bila mwombaji kupewa jibu la maandishi, sheria huchukulia kwamba ombi limekubaliwa. Uamuzi ukikuumiza, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Na ujenzi ukianza bila kibali, piga picha zenye tarehe uzipeleke kaunti kwa barua. Hilo ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.