Siku moja maishani mwangu: kumwandaa farasi kwa ajili ya mtu mwingine

Kazi yangu ni kuwaandaa farasi walioletwa kwetu ili wachukuliwe na watu wengine. Saa 12 asubuhi. Kabla sijashika kamba yoyote napita banda kwa banda kuangalia mavi, maji na chakula kilichobaki. Farasi hawezi kutapika. Akivimbiwa au utumbo ukijisokota, kilichomo hakina njia ya kurudi, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana banda lisilo na mavi mapya alfajiri hunitia hofu.

Kwa Kunguru nakaa zaidi. Aliletwa akiwa mbavu na mifupa ya nyonga tu. Naweka vidole chini ya taya, penye mshipa, nahesabu: mapigo 36 kwa dakika. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44, kwa hiyo leo niko tayari kutabasamu. Hali ya mwili tunaipima kwa alama 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno), kipimo alichokitoa Don Henneke mwaka 1983, na Kunguru bado yuko 2. Hatazungushwa wala hatapandwa. Kazi yake ni kula majani ya lusani kidogo kidogo, mchana na usiku.

Hapa ndipo watu wema huwaua farasi. Wakiona mbavu wanamletea ndoo ya nafaka. Sukari inapanda ghafla kwenye damu, mwili unamwaga insulini, madini kama fosforasi yanavutwa kuingia kwenye seli, na damu inabaki bila kiasi kinachohitajika ili moyo na misuli vifanye kazi. Farasi aliyehimili njaa kwa miezi anaanguka siku chache baada ya kushibishwa. Nalisema hili kwa kila anayekuja kujitolea, hata kama amelisikia.

Saa 1 hadi saa 2 ni kulisha, kuzoa na kupiga brashi.

Saa 2 na nusu. Zuhura, na miguu yake ya nyuma. Huyu jike anakubali hatamu, anakubali tandiko, lakini ukigusa chini ya goti la nyuma anarusha teke. Kwato zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 maisha yake yote, kwa hiyo farasi asiyetoa mguu ni farasi ambaye mmiliki mpya atamrudisha, au atamfunga kwa nguvu.

Nasimama ubavuni, bega langu karibu na paja lake, mkono mmoja mgongoni ili ajue nilipo. Wa pili unateremka taratibu. Nikifika kwenye kifundo anakaza msuli. Siuondoi mkono, wala sisogei mbele. Nauacha pale pale, mwepesi, mpaka msuli ulegee, na ukilegea tu naondoa. Kinachomfundisha farasi ni ile nafuu anayoipata akifanya sawa. Mkono ukitoka wakati anarusha teke, umemfundisha kwamba teke linafaa. Leo kwa mara ya kwanza amenyanyua ncha ya kwato mwenyewe, nikaipokea kiganjani, nikairudisha chini kabla hajaitaka. Tukaishia hapo, ingawa mguu wa pili haujaguswa. Nilitamani kuendelea, lakini farasi anayeachwa akiwa amefaulu kesho huanza akiwa na utulivu.

Saa 4. Mazoezi ya Jivu. Dume huyu aliyehasiwa ana nguvu kuliko subira, na wengi wangemzungusha kwa kamba ndefu hadi achoke. Mimi simpi zaidi ya dakika 15: hatua za kawaida, kisha mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kisha nabadilisha upande. Mduara unaumiza viungo vya miguu, na farasi anayechoshwa kila siku anazidi kupata pumzi tu, hapati adabu. Baada ya hapo tunatembea, mimi kwa miguu, kwenye mteremko na ardhi yenye mawe. Kupanda na kushuka kunajenga mgongo na mapaja bila uzito wa mtu juu. Misuli hurudi mapema. Kano na mifupa huchelewa sana. Farasi anaweza kung'aa na kujaa, kumbe miguu haijawa tayari kubeba mtu.

Hata hapo, hapandi mtu mpaka daktari wa mifugo aangalie mgongo na meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake hukata mashavu. Nimeona farasi wengi walioitwa wakaidi kwa kutupa kichwa, kumbe lijamu, kile chuma cha mdomoni, ilikuwa inawagusa kidonda.

Saa 6 mchana nakabidhi kamba. Hii naiona ndiyo kazi yenyewe. Farasi akinitii mimi peke yangu, bado hajawa tayari. Kwa hiyo mmoja wetu anamwongoza akiwa amevaa kofia pana, mwingine akiwa na koti linalopepea, mwingine mfupi, mwingine mwenye sauti nzito. Tunawaongoza kwa upande wa kulia pia. Watu wengi wamezoea kusimama kushoto, na farasi mtulivu kabisa anaweza kuruka akiguswa kulia, kama vile hajawahi kuona binadamu upande huo.

Saa 8. Trela ya kusafirishia farasi. Jivu anaweka kwato moja juu ya ubao, ubao unatoa mlio wa pipa tupu, anarudi nyuma. Namruhusu arudi. Anakuja tena, kwato mbili, ananusa. Namwomba arudi nyuma mimi mwenyewe kabla hajaamua, kwa sababu farasi anayejua kushuka taratibu haogopi kupanda. Mlango hatujaufunga, na leo hatutaufunga.

Saa 10 anafika mama mmoja na binti yake, wanamtaka Jivu kwa uzuri wake. Nawaeleza wazi: farasi huyu anahitaji mtu mzima mwenye uzoefu, na mtoto wako anahitaji farasi asiyeshtuka. Nawapeleka kwa Asali, jike mzee mwenye goti gumu, ambaye hawezi kukimbizwa lakini anafaa kwa matembezi mepesi. Nawaonyesha hilo goti, nawataka walishike. Binti anamnyanyua mguu wa mbele, wa kushoto halafu wa kulia, na Asali anampa yote miwili. Mama anauliza kuhusu gharama za daktari kabla ya kuuliza lini watamchukua, na kwa swali hilo nampa fomu.

Saa 12 jioni naandika daftari. Zuhura: mguu wa nyuma wa kushoto, ncha tu, ashikwe na mtu mwingine kesho. Jivu: trela, mlango wazi. Kunguru: alama 2, chakula kisiongezwe.