Gesi ya Friji Haiishi Yenyewe

Hapa Nairobi, ukimwita fundi aangalie friji inayonguruma mchana kutwa bila kutoa baridi, mara nyingi hukumu huwa tayari kabla hajaweka mkoba wake chini: "Mama, hii gesi imeisha." Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, gesi ya friji si kama ile ya mtungi wa kupikia, ambayo hupungua kila unapowasha moto. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa, nayo huzunguka humo miaka nenda miaka rudi, ikigeuka kuwa majimaji na kurudi kuwa mvuke, na friji isiyovuja hukaa miaka 15 au zaidi na gesi ileile iliyotiwa kiwandani. Ikipungua, pana tundu mahali fulani. Fundi anayejaza gesi bila kulitafuta tundu hilo anakuuzia baridi ya majuma machache tu, kwa hiyo ni vyema mwenye friji afanye uchunguzi wake mwenyewe kabla ya kupiga simu.

Jambo la kwanza ni kujua ni sehemu gani hasa inayofanya kazi, kwa sababu taa inaweza kuwaka na feni ya ndani ikavuma ilhali kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ambayo ndiyo moyo wa shughuli yote, imelala. Vuta friji kidogo kutoka ukutani, uiname, usikilize lile pipa dogo jeusi la chuma lililo chini kwa nyuma. Kompresa nzima hutoa mngurumo mzito usiokatika, na ukiweka kiganja kwenye fremu utahisi mtetemo. Ile yenye hitilafu hutoa mlio mdogo, "tak", inajikaza kwa sekunde chache, kisha "tak" nyingine na kimya, na baada ya dakika kadhaa huanza tena vivyo hivyo. Mlio wa pili ni wa kikinga joto kinachokata umeme ili kompresa isiungue. Chanzo chaweza kuwa rilei ya kuwashia, kipuri kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa ambacho bei yake haikaribii hata kidogo bei ya kompresa mpya. Chaweza pia kuwa stima yenyewe: umeme wetu unapaswa kuwa volti 240, lakini katika mitaa mingi hushuka jioni kila mtu anapopika na kupiga pasi, na kompresa iliyokuwa imepumzika hushindwa kuanza. Ukiona hitilafu inatokea jioni pekee na balbu nazo zimefifia, usiilaumu friji.

Waliouziwa friji iliyokuwa ya maonyesho dukani wana uwezekano mmoja zaidi. Baadhi ya friji za kisasa zina mpangilio maalumu wa maonyesho, ambapo taa na vitufe hufanya kazi lakini baridi huzuiwa makusudi. Kijitabu chake hueleza namna ya kuuondoa, wala hakuna haja ya bisibisi.

Kompresa ikiwa inanguruma sawasawa, tumia kiganja. Katika friji nyingi za siku hizi mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya kuta za pembeni, kwa hiyo kuta hizo kuwa na uvuguvugu ni dalili njema. Zikiwa baridi kama ukuta wa nyumba baada ya kompresa kunguruma kwa saa nzima, na friza nayo haina hata umande, hapo ndipo shaka ya gesi, au ya kompresa isiyosukuma, inapokuwa na msingi. Zikiwa moto kupita kiasi, angalia nafasi. Jikoni mwa nyumba zetu za kupanga friji husukumwa ndani ya kona, jiko likiwa upande mmoja na mtungi upande mwingine. Na kwa zile ambazo mabomba yake yako wazi nyuma, mvuke wa mafuta ya kukaangia hushikana na vumbi na kutengeneza blanketi la kijivu. Joto lisipopata pa kutokea, ndani hakupoi. Chomoa plagi, safisha kwa brashi laini, kisha uiachie nafasi ya kupumulia.

Hali inayowachanganya wengi ni ile ya friza kugandisha nyama barabara huku maziwa yaliyo chini yanachacha. Hali hii ilinikuta kwangu, na fundi wa kwanza alitaka kujaza gesi. Nilikataa, kwa kuwa katika friji za aina yangu baridi yote hutengenezwa nyuma ya friza na kusukumwa chini na feni kupitia njia ya hewa. Kama friza inagandisha, gesi ipo. Mimi na fundi wa pili tulipofungua kifuniko cha plastiki cha nyuma ya friza tulikuta theluji imejaa kati ya mapezi, yaani vile vipande vyembamba vya alumini vinavyotoa baridi, hadi feni imekwama ndani yake. Kwa kawaida hita ndogo huwaka mara kwa mara kuyeyusha barafu hiyo, na maji hutiririka hadi kwenye sinia lililo juu ya kompresa. Hita ikiungua, au kihisi kinachoiamuru kikifa, barafu hujijenga kimyakimya hadi inaziba njia ya hewa. Kuiacha friji milango wazi bila umeme kwa siku nzima huirudishia afya, ila ugonjwa hurudi baada ya siku kadhaa, na huko kurudi ndiko kunakothibitisha kwamba kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha. Fundi aliipima hita kwa mita, akaikuta imekatika, akaibadilisha.

Barafu husema mengi kwa anayeitazama. Utando mwembamba uliosambaa sawa kwenye mapezi yote ni dalili ya afya. Barafu nene iliyofunika kila kitu ni mfumo wa kuyeyusha. Barafu iliyoganda pembe moja tu, pale bomba linapoingilia, huku sehemu nyingine kukiwa kukavu, mara nyingi humaanisha gesi imepungua. Na hapa ni lazima niseme juu ya kisu: katika friji zile za mlango mmoja, watu huchokoa barafu kwa ncha ya kisu, na bomba la alumini lililo chini yake ni jembamba mno. Tundu nyingi zinazoimaliza gesi zilianzia hapo.

Raba ya mlango na thamostati, kile kitufe cha kupanga kiwango cha baridi, hazihitaji maneno mengi: bana karatasi mlangoni uivute, na ikichomoka bila kushikiliwa, raba imelegea, thamostati nayo iangalie kama mtoto hakuizungusha. Miezi ya Juni na Julai, usiku wa Nairobi ukishuka hadi nyuzi 11 hivi, friji yenye thamostati moja tu iliyo chini hupumzika muda mrefu, na friza ikalegea bila ubovu wowote.

Ikithibitika kuwa ni gesi kweli, soma jina la gesi kwenye kibandiko kilicho karibu na kompresa. R134a haiwaki, lakini R600a, iliyo katika friji nyingi mpya, ni isobutani inayowaka, na haifai kuchomelea mabomba yake kabla haijatolewa yote na madirisha kufunguliwa. Mwambie fundi atafute tundu kwa nitrojeni na povu la sabuni, abadilishe chujio, afyonze hewa yote kwa pampu, na apime gesi kwa mizani, kwa kuwa R600a ya friji ya nyumbani huwa makumi machache tu ya gramu na kukisia huharibu kazi. Asiye na mizani wala pampu, mlipe nauli aende. Na tundu likiwa ndani ya ukuta uliojazwa povu, mahali ambapo hapafikiki bila kuuchana, mimi nisingeweka pesa zangu hapo. Ningeanza kutafuta friji nyingine.