Punda wa Blackpool na mapumziko yao ya Ijumaa

Jamani, jana Alhamisi dada kanipakia treni kutoka Manchester hadi Blackpool, eti nikaone bahari. Bahari yenyewe ya kijivu, maji yamekupwa kule mbali, na upepo nusura uondoke na mtandio wangu.

Ila punda! Mie wa Lamu nimevuka dunia kuja kukuta punda ufukoni, kila mmoja na jina lake kwenye hatamu, wanabeba watoto badala ya mawe na saruji. Mchungaji wao akaniambia kesho hawaji: kanuni za mji tangu 1942 zinawapa mapumziko kila Ijumaa, na saa nzima ya chakula cha mchana. Nikawakumbuka wa kwetu, nikanyamaza.

Na Mnara wa Blackpool je? Ni wa 1894, mita 158, umeigwa ule wa Paris. Huko juu kuna sakafu ya kioo. Dada kasimama katikati anapiga picha, mie nimekumbatia ukuta nasoma kila dua niijuayo.

Chipsi zao wanazimwagia siki, tamu kumbe. Samaki sijui ladha yake, kala shakwe.