Nilivyozimudu nahau za Kiingereza zenye viungo vya mwili

Vitabu vingi hupanga nahau hizi kwa viungo: ukurasa wa kichwa, wa macho, wa mikono, hadi miguuni. Mpangilio huo unapendeza, ila mimi haukunifaa. Nahau za moyo nikizisoma zote pamoja zilinichanganya, maana kinachoziunganisha ni moyo tu, na moyo tayari naujua. Kilichonifaa ni kuzipanga kwa vitenzi.

Chukua "lose", yaani kupoteza. "Lose heart" ni kufa moyo. "Lose your heart" ni kuzama katika mapenzi. "Lose your head" ni kutaharuki ukashindwa kufikiri, na "lose face" ni kuvunjiwa heshima mbele ya watu. Zikikaa safu moja, unaona papo hapo kazi ya kile kineno "your": kiondoe penye mapenzi, unabaki na kukata tamaa! Kisha kuna wingi. Watu wakitaharuki husemwa "they lost their heads", vichwa vingi. Wakikata tamaa ni "they lost heart", moyo haubadiliki hata liwe jeshi zima. Anayekariri maana peke yake hayaoni haya, na ndiyo yanayomfanya aeleweke au asieleweke.

Safu ya "keep" ilikuja kirahisi zaidi. "Keep your head" ni kutulia, "keep your chin up" ni kujipa moyo, "keep a straight face" ni kujizuia kucheka.

Pembeni niliandika jinsi Mswahili angesema, si tafsiri ya neno kwa neno. Mwenye "cold feet" ameingiwa na woga dakika za mwisho, pale alipotakiwa kupiga moyo konde. "Give me a hand" niliiwekea alama nyekundu, kwa sababu kwetu "nipe mkono" ni salamu, ilhali Mwingereza anaomba msaada.

Zilizogoma kabisa nilizitafutia asili. "By the skin of your teeth" ilinisumbua, kwani meno hayana ngozi. Kumbe ni maneno ya Ayubu 19:20, na hata Biblia ya Kiswahili inamtaja akiokoka na ngozi ya meno yake. Waingereza wameifanya usemi wa kila siku. Sisi tunasema chupuchupu. "Wear your heart on your sleeve" imo katika Othello ya Shakespeare. Iago, mnafiki asiye na mfano, anasema siku atakapoonyesha yaliyomo ndani yake itakuwa sawa na kuuweka moyo kwenye mkono wa nguo ili ndege waudonoe. Tangu niisome hiyo, sijaisahau.

Sasa niko kwenye "turn". "Turn a blind eye" ni kujifanya huoni, "turn your back on someone" ni kumpa mtu kisogo, na "turn heads" ni kupita watu wakakugeuzia shingo.