Chupa ya Kwanza

Usiku mmoja wa masika ya mwaka 2014, nikiwa peke yangu zamuni katika maabara ya hospitali moja kisiwani Mombasa, nililetewa damu ya mtoto wa miaka mitatu aliyevushwa kwa feri kutoka Likoni, ameshikwa na degedege na anahema kwa nguvu. Vimelea vya malaria vilijaa kwenye kioo. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa chini mno, gramu 5.3 kwa desilita, na laktati, ambayo kwa mtu mzima wa afya haizidi milimoli 2 kwa lita, ilifika 9.6.

Laktati huongezeka damu inaposhindwa kufikisha oksijeni ya kutosha na seli zikabaki kuitumia sukari bila oksijeni. Katika malaria kali, kiwango cha 5 na zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Hata hivyo sikuipeleka nambari ile. Chupa ilikuwa imekaa wodini karibu saa nzima kabla ya kuletwa, tena haikuwa na dawa ya kuzuia sukari isitumike, na damu iliyoachwa katika joto letu la pwani huendelea kutengeneza laktati humo humo chupani. Nilimpigia daktari wa zamu kumwomba damu nyingine. Aliudhika, nami namwelewa, kwani kumchoma tena mtoto aliyekwisha kupungukiwa na damu si jambo dogo. Nilipanda mwenyewe wodini, tukatoa mililita moja tu, nikaipima papo hapo: 8.2.

Nyanya yake, aliyekuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, aliniuliza, "Mwanangu, damu yasemaje?"

"Yasema ni mgonjwa sana, nyanya. Lakini tutaiuliza tena."

Saa sita usiku, baada ya sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, tuliiuliza tena, ikajibu 7.9. Hapo ndipo nilipoona thamani ya ile nambari ya pili, kwa sababu katika kumtabiria mtoto mahututi, mwendo wa laktati baada ya matibabu huniambia mengi kuliko kipimo kimoja. Na lau tungeishika 9.6, tungeamini imeshuka vizuri na tungesubiri hadi asubuhi, ilhali kwa kweli haikuwa imeshuka hata nusu ya milimoli. Muuguzi aliuliza kama dripu ifunguliwe iende kwa kasi. Daktari alikataa: utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuwa umeonyesha kwamba kuwamiminia maji kwa kasi watoto wa namna hii kuliongeza vifo. Kilichokosekana ni damu. Friji ilikuwa na mfuko mmoja wa kundi lake, uliowekewa mgonjwa wa upasuaji wa asubuhi. Daktari aliuhamisha kwa sahihi yake, nami nikaulinganisha na damu ya mtoto, mikono ikitetemeka.

Saa kumi alfajiri laktati ilikuwa 4.4. Kulipopambazuka ilikuwa 2.3, na mtoto alikuwa amefumbua macho akitaka maji ya kunywa.

Kabla ya kukabidhi zamu niliandika nambari zote tano daftarini. Ile ya 9.6 niliikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili iendelee kusomeka, na pembeni nikaandika: damu ilichelewa.